Nimemaliza mionzi, lakini ngozi ndiyo kwanza inachubuka

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 47, mkazi wa Morogoro, na kazi yangu ni kukaanga chapati na vitumbua ninavyouza barazani kwangu kila asubuhi. Mwaka jana niligundulika kuwa na saratani ya titi la kushoto. Nilifanyiwa upasuaji, titi likaondolewa pamoja na tezi za kwapani, nikamaliza dripu za kemo, kisha nikapangiwa mionzi Dar es Salaam, ambako nilikaa kwa mdogo wangu Mbagala kwa wiki 3, nikipigwa mionzi Jumatatu hadi Ijumaa mpaka ikatimia mara 15. Siku ya mwisho wenzangu tuliozoeana kwenye benchi walinikumbatia, nikapewa karatasi ya kuruhusiwa, vidonge vya tamoksifeni na tarehe ya kurudi kliniki baada ya wiki 6. Nilipanda treni kurudi nyumbani nikiamini kwamba mateso yamekwisha.

Leo ni siku ya 11 tangu nimalize, na hali yangu ni mbaya kuliko siku yoyote niliyokuwa chini ya mashine. Kule ngozi ilikuwa nyeusi na kuwasha tu. Hapa nyumbani imeanza kuchubuka kwapani na kando ya mshono, inatoa majimaji, na asubuhi gauni linakuwa limenata mpaka nililoweke kwa maji ndipo libanduke. Hakuna aliyenieleza kwamba haya yatakuja. Jirani ananishauri nipake utomvu wa mshubiri na asali, na mama mkwe anataka anikande kwa maji ya moto yenye chumvi. Mume wangu si mtu mbaya, lakini ameanza kuuliza lini nitarudi jikoni, kwa kuwa matibabu yamekwisha na ada za shule zinadaiwa. Mimi nikifagia ua tu, inanibidi nikae chini.

Lililoniumiza zaidi ni hili. Mwanangu mkubwa amepata mtoto wa kwanza, ana wiki 5. Nilimpakata, na kabla sijamtazama vizuri, mkwe wangu akaja akampokea kwa adabu, akatoka naye. Baadaye nilisikia kwamba ameambiwa mtu aliyepigwa mionzi humwambukiza mtoto mchanga ile mionzi. Tangu siku hiyo sijamshika mjukuu wangu.

Nina maswali mengine mawili. Mwenzangu mmoja wa kule benchi alipigwa mionzi mara 25 na mimi 15: je, nimepunjwa? Na mbona sikupigwa picha yoyote mwishoni kuthibitisha kwamba nimepona? Vidonge nilivyopewa vinaniletea joto na jasho usiku, nami nafikiria kuviacha kwa kuwa sina hakika kama bado ninavihitaji.

Mama wa watoto watatu, Morogoro

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole kwa safari ndefu uliyoipita. Nianze na mjukuu, kwa kuwa ndilo linalokuliza na ndilo jepesi kuliko yote kulijibu. Mshike. Mionzi uliyopigwa ilitoka kwenye mashine iliyo nje ya mwili wako, ikapita, na mashine ilipozimwa hapakubaki kitu ndani yako cha kumfikia mtu mwingine, kama vile mtu aliyepigwa eksirei ya kifua asivyotoka na mionzi kwenda nayo nyumbani. Unaweza kumpakata mtoto mchanga, kulala kitanda kimoja na mume wako, na kula chombo kimoja na mjamzito. Huenda hofu ya mkwe wako ina chanzo cha kweli, kwa sababu kuna matibabu mengine, kama yale ya madini joto yenye mionzi ambayo wagonjwa wa saratani ya tezi ya shingo humeza, ambayo mgonjwa huambiwa kwa siku kadhaa ajitenge na watoto na wajawazito. Hayo siyo uliyopata wewe. Mwombe mwanao aende na mkewe kwa muuguzi wa kliniki ya mtoto, wamuulize swali hilo pamoja, kwa kuwa mama wa wiki 5 anayemlinda mtoto wake hastahili kugombezwa, anastahili kuelezwa. Wakati huohuo, mtoto apakatwe upande wa kulia, asije akakupiga teke palipochubuka.

Sasa tuje kwenye ngozi, na hapa nitakaa kwa muda, kwa kuwa ulipaswa kuelezwa jambo hili kabla hujapewa ile karatasi. Kinachokupata ndicho mwenendo wa kawaida wa mionzi. Ngozi ya mwanadamu hujijenga kutoka chini: chembe changa huzaliwa katika tabaka la ndani, hupanda taratibu kwa wiki kadhaa, na zile za juu zilizokwisha kazi hubanduka bila sisi kuona. Mionzi ilizipiga zaidi zile chembe changa za chini. Ulipokuwa Dar es Salaam, ngozi ya juu ilikuwa bado ni ile ya zamani, ndiyo maana uliona weusi na muwasho tu. Sasa ile ya zamani inabanduka kwa wakati wake, na iliyopaswa kuja kuziba nafasi bado ni chache. Kwa hiyo ngozi huwa mbaya zaidi katika wiki ya kwanza au ya pili baada ya siku ya mwisho ya mashine, kisha hugeuka na kuanza kufunga, na kwa wanawake wengi huwa imefunga ndani ya wiki 4 hadi 6. Kwapani hutangulia kuchubuka na huchelewa kupona kwa sababu ya jasho na msuguano.

Mashine za mionzi nchini kwetu ziko katika miji michache, Dar es Salaam na Mwanza zikiwa ndizo zinazopokea watu wengi kutoka mikoani. Maana yake ni kwamba mwanamke wa Morogoro, wa Songea au wa Kigoma huiaga hospitali akiwa na ngozi inayoonekana nafuu, na siku zile mbaya humkuta nyumbani, mbali na muuguzi aliyemzoea, katikati ya watu wanaomwambia hongera. Naomba hospitali zote zinazotoa tiba hii zimweleze kila mgonjwa jambo hilo kwa mdomo, siku ya mwisho, pamoja na ndugu aliyemsindikiza.

Fanya hivi. Osha sehemu hiyo mara moja au mbili kwa siku kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini isiyo na manukato, kwa kiganja cha mkono, bila dodoki wala kitambaa. Kausha kwa kubonyeza kitambaa safi polepole, usifute. Ngozi iliyo kavu na ambayo haijachubuka, hata kama ni nyeusi na ina magamba, unaweza kuipaka mafuta mepesi yasiyo na harufu. Palipo wazi na penye majimaji usipake chochote kwa uamuzi wako wala wa jirani, bali kesho nenda hospitali ya rufaa ya mkoa au kituo cha afya kilicho karibu ukiwa na karatasi yako, uwaambie kwamba ni kidonda cha mionzi, na uombe bandeji isiyonata juu ya kidonda. Bandeji ya kawaida ya gozi ikiwekwa kavu hushika, na ukiivuta inaondoka na ile ngozi mpya unayoisubiri kwa hamu. Hivyo hivyo gauni lako: ulifanya vyema kulilowesha kabla ya kulibandua, lakini ni heri lisifike kunata. Plasta ya kunata isiguse eneo lililopigwa mionzi. Kama unaweza kubaki chumbani kifua kikiwa wazi kwa saa moja hivi, mlango umefungwa na dirisha linaingiza hewa, fanya, kisha ujifunge kanga ya zamani iliyokwisha kulainika kwa kufuliwa. Maumivu yakikuzuia kulala, parasetamoli ni dawa halali kwako kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na isipotosha mwambie daktari, kwa maana uvumilivu hauharakishi kidonda.

Mama mkwe anakupenda, lakini asikukande. Ngozi iliyopigwa mionzi haistahimili joto, na maji ya moto yenye chumvi juu ya mahali palipochubuka yatakuunguza mara ya pili. Mshubiri umefanyiwa majaribio kwa wagonjwa wa mionzi na haukuonekana kuizuia ngozi isichubuke; tena utomvu uliokatwa uani, kama asali ya chupa ya sokoni, haukusafishwa ili uwekwe kwenye kidonda. Usipake spiriti wala poda, na usinyoe kwapa kwa wembe mpaka pafunge kabisa. Jambo moja hukuliandika, lakini nimeliona kwa wanawake wengi waliotolewa titi: siku ya ibada au ya harusi huvaa sidiria na kuijaza mtandio uliokunjwa, ili nguo ikae sawa. Najua kwa nini wanafanya hivyo. Kwa sasa iache, kwa sababu ukingo wa sidiria hupita palepale penye mshono, nawe mtupie mtandio begani mpaka ngozi ifunge.

Usisubiri tarehe ya kliniki ukiona usaha, harufu mbaya, wekundu au uvimbe unaotambaa nje ya eneo, au homa ya nyuzi 38 na zaidi. Hizo ni dalili za maambukizi na zinataka dawa siku hiyohiyo.

Kuhusu jiko, jibu langu ni kwamba bado. Fikiria unavyokaanga: umeinama juu ya kikaango, mkaa uko chini ya kifua, na mvuke wa mafuta unapanda moja kwa moja mahali palipopigwa mionzi, huku mkono wa kushoto, ule uliotolewa tezi, ukisukuma chapati. Ngozi ikishafunga unaweza kurudi kidogo kidogo, ukaanza na siku 2 au 3 kwa wiki, wewe ukande unga na kupokea fedha, na mtu mwingine asimame kwenye kikaango. Mume wako anayo haki ya kuwaza ada, na sitaki umwone kuwa adui, lakini mwambie waziwazi kwamba siku ya mwisho ya mionzi ndiyo siku mwili ulipoanza kujitengeneza, na kwamba kukurudisha jikoni mapema kunaweza kuwagharimu miezi badala ya wiki. Kaeni mkadirie mapato ya mwezi mmoja bila biashara ya asubuhi, na mwende shuleni pamoja kuomba kulipa kwa awamu.

Uchovu huo unaokukalisha chini ukishafagia ua siyo uvivu. Uchovu wa mionzi hauondoki kwa kulala usiku mmoja, huendelea kwa wiki kadhaa na wakati mwingine kwa miezi, na wewe umeupokea juu ya uchovu wa kemo na wa upasuaji. Jambo lililothibitika kuupunguza, ingawa linashangaza, ni kutembea. Anza na dakika 10 asubuhi kabla jua halijawa kali, uongeze dakika chache kila baada ya siku kadhaa, na upumzike mchana bila kuomba radhi. Kula chakula cha kawaida cha nyumbani chenye maharage, mayai, dagaa na mboga za majani. Ukiletewa juisi ya rozela, inywe kama kinywaji, lakini usiinunue kwa bei ya dawa. Uchovu ukizidi badala ya kupungua, omba upimwe wingi wa damu, na uulize kama mionzi ilifika sehemu ya chini ya shingo, kwa kuwa hapo tezi ya shingo inaweza kulegea baadaye na kuleta uchovu wa aina hiyohiyo.

Hukupunjwa. Kwa muda mrefu kipimo cha kawaida kilikuwa grei 50 (grei ni kizio cha kupimia dozi ya mionzi) zilizogawanywa katika vipindi 25. Kisha nchini Uingereza, kati ya mwaka 1999 na 2002, wanawake zaidi ya 4,400 waliingizwa katika majaribio mawili yaliyolinganisha mpango huo na vipindi vichache vyenye dozi kubwa zaidi kidogo kila kimoja, ukiwemo ule wa grei 40 katika vipindi 15. Baada ya kufuatiliwa kwa miaka 10, waliopata vipindi 15 hawakurudiwa na saratani zaidi ya wenzao wa 25, na madhara kwenye titi na ngozi yalikuwa machache zaidi. Miongoni mwao walikuwamo waliotolewa titi kama wewe. Mwenzako wa mara 25 pia hakukosewa, kwa kuwa daktari huchagua kwa kutazama eneo linalopigwa, mashine iliyopo na hali ya mgonjwa. Kwa mtu wa mkoani tofauti hiyo ni wiki 2 nzima za nauli na malazi, nami nafurahi kwamba kwako zilipungua.

Hukupigwa picha mwishoni kwa sababu hapakuwa na uvimbe wa kupiga picha. Uvimbe ulitolewa na daktari wa upasuaji. Kemo na mionzi vilifuata ili kuua chembe zilizoweza kubaki, chembe ndogo mno ambazo hakuna picha inayozionesha, na kwa hiyo hakuna picha ya siku ya mwisho ambayo ingekuambia ndiyo au hapana. Najua ni vigumu kuishi na jibu hilo. Linalofanyika ni kufuatiliwa: daktari akupime kwa mikono kila baada ya miezi 3 hadi 6 katika miaka 3 ya kwanza, kisha kila baada ya miezi 6 hadi 12 kwa miaka 2, halafu mara moja kwa mwaka, na titi la kulia lipigwe mamogramu, yaani eksirei ya titi, kila mwaka. Mtu akikushauri uuze kiwanja ukapigwe picha ya mwili mzima bila dalili yoyote, usimsikilize, kwa sababu picha hizo kwa mtu asiye na dalili hazijaonekana kurefusha maisha. Kinachostahili kukupeleka hospitali kabla ya tarehe ni kinundu kipya kwenye kovu, kwapani, juu ya mtulinga au katika titi la kulia, maumivu ya mfupa yasiyoisha kwa wiki 2 au 3, au kupungua uzito bila sababu.

Kuna moja la kukumbuka kati ya mwezi wa kwanza na wa 6 baada ya mionzi. Mionzi ya kifua hugusa kipande cha pafu, na watu wachache hupata kikohozi kikavu, homa ndogo au kuhema baadaye. Pia inaweza kuacha kovu sehemu ya juu ya pafu, na kovu hilo kwenye eksirei hufanana na kifua kikuu. Ukienda zahanati unakohoa, sema mwanzoni kabisa kwamba ulipigwa mionzi ya kifua, na utoe ile karatasi. Wakitaka kupima makohozi wakubalie, kwa kuwa kifua kikuu kipo, lakini usianzishiwe dawa za miezi 6 kwa sababu ya kivuli tu cha kwenye picha.

Tamoksifeni usiiache. Kama umepewa, maana yake vipimo vya uvimbe wako vilionesha kwamba ulikuwa unalishwa na homoni, na kazi ya kidonge hicho ni kuzinyima chembe zilizobaki chakula hicho, kila siku, kwa miaka 5, na kwa baadhi ya wanawake hadi 10. Kwa saratani za aina hiyo, kukitumia kwa miaka 5 kumeonekana kupunguza vifo vya saratani ya matiti kwa karibu theluthi moja katika miaka 15 ya mwanzo. Mionzi ilishughulikia kifua na kwapa, kidonge kinashughulikia mwili mzima, na kimoja hakichukui nafasi ya kingine. Jasho la usiku ni madhara yake yanayojulikana. Jaribu kubadili saa ya kukimeza, lala na kanga badala ya blanketi, na umweleze daktari, kwa maana zipo njia za kulipunguza. Kama bado unapata hedhi, usishike mimba ukiwa kwenye dawa hii, na njia ya uzazi wa mpango isiwe ya homoni. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, pumzi ikikata ghafla, au ukitoka damu isiyo ya kawaida ukeni, nenda hospitali mara moja. Dawa yoyote ya asili unayopewa, mtajie daktari jina lake kabla hujainywa.

Mwisho ni mkono, ambao hukuuliza. Baada ya upasuaji na mionzi bega hukaza polepole kwa miezi mingi, na mwanamke hugundua siku anaposhindwa kuanika nguo. Simama ukiangalia ukuta, uweke vidole vya mkono wa kushoto ukutani, uvitembeze kwenda juu kama buibui mpaka unapohisi kuvutwa, bila kufika kwenye maumivu wala kuvuta ngozi iliyo wazi, kisha uweke alama ya chaki. Fanya hivyo asubuhi na jioni. Mizigo uirudie kwa hatua, dumu la lita 5 kwanza, ndoo ya lita 20 baadaye sana. Bangili au mkono wa gauni ukianza kubana upande huo, waoneshe kliniki mapema, kwa kuwa uvimbe unaoanza hudhibitiwa vizuri kuliko uliokomaa, na mafuta yakikurukia mkono huo ukaona wekundu unaotambaa, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Ukitoka kliniki ya wiki ya 6, niandikie tena. Nataka kujua kama kwapa limefunga, alama ya chaki imepanda kiasi gani, na mjukuu amelala kifuani kwako kwa muda gani kabla hajaamka kutafuta ziwa la mama yake.

Shangazi